Jina la Kigaeli kwa binti yako: lisikie kwanza, uliandike baadaye

Mwaka 2015 msichana wa miaka 20 kutoka Paisley, Uskoti, alichaguliwa kuingia bunge la London. Jina lake Mhairi Black. Msomaji wa Kiswahili akilipitia jina hilo haraka haraka, macho humdanganya akadhani ameona "mhariri". Wenyewe hulitamka "Vaari". Kumchagulia mtoto jina la Kigaeli, mojawapo ya lugha za Uskoti, kuna ugumu huohuo mmoja: tahajia ya majina haya ina kanuni zake, na kanuni hizo si za Kiingereza wala si zetu. Wazazi wengi huanza na orodha kwenye simu, wakalipenda jina kwa kuliona, wakaandikisha, ndipo wakaanza kuulizana linatamkwaje. Mimi nashauri kinyume chake. Sikio litangulie, kalamu ifuate.

Nawalenga hasa waliooa au kuolewa Uskoti, wanaozalia Glasgow, Edinburgh au Aberdeen, pamoja na ndugu zao walio nyumbani ambao ndio watakaoliita jina hilo kwenye simu kila Jumapili. Uhusiano wetu na watu wa huko si wa jana. Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu nchini Kenya, ni neno "Scot" lililopita kwenye ulimi wa Wakikuyu, kwa sababu ya wamisionari wa Kanisa la Uskoti waliofika huko mwishoni mwa karne ya 19. Fiona na Lorna yamekuwa majina ya kawaida Kenya na Uganda. Kina Lorna wa Bonde la Ufa wengine wameongeza h mwishoni, kama mkimbiaji Lornah Kiplagat.

Hatua ya kwanza: amua unataka Uskoti ipi

Watu husema "jina la Kiskoti" kana kwamba yote ni mamoja, lakini humo mna lugha mbili tofauti, na juu yake majina ya mahali.

Kigaeli ni lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi. Katika sensa ya 2022 watu takriban 130,000 walisema wana ujuzi wa namna fulani wa lugha hiyo, na ngome yake ni visiwa vya Lewis, Harris, Uist, Barra na Skye. Huko ndiko yanakotoka Màiri, Mòrag, Eilidh, Catrìona, Sìne, Seònaid na Beathag. Kiskoti ni kitu kingine: ni lugha ya nyanda za chini, ndugu wa Kiingereza, na majina yake ni kama Jean, Elspeth na Maisie. Ukimwambia mkwe wako umempa mtoto jina la Kigaeli, kumbe ni Elspeth, atacheka kwa adabu.

Majina ya mahali ndiyo yanayopendwa sana siku hizi. Iona ni kisiwa kidogo ambako Mtakatifu Columba aliweka monasteri yake mwaka 563. Skye ni kisiwa kikubwa zaidi. Ailsa linatokana na Ailsa Craig, mlima wa mawe uliosimama peke yake baharini kwenye Ghuba ya Clyde, unaotoa itale ya kutengenezea mawe ya kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Isla linahusishwa na kisiwa cha Islay na mto Isla. Majina haya ni mepesi kuandika, na hayahitaji ujue Kigaeli hata neno moja.

Kuna na mpaka wa kuangalia kati ya Uskoti na Ayalandi. Kigaeli na Kiayalandi ni ndugu wa damu, na orodha za mitandaoni huzichanganya bila haya. Niamh, Aoife, Caoimhe na Saoirse ni ya Ayalandi. Glasgow utawakuta wasichana wenye majina hayo kwa sababu familia nyingi zilihamia huko kutoka Ayalandi, na hakuna ubaya, lakini ujue unachochukua. Njia rahisi ya kuyatenganisha ni kutazama alama iliyo juu ya irabu. Ya Kiayalandi hupanda kuelekea kulia: Róisín, Sinéad. Ya Kigaeli cha Uskoti, kwa tahajia ya sasa, hushuka: Mòrag, Seònaid. Sinéad na Seònaid ni jina lilelile, moja limevuka bahari.

Hatua ya pili: lisikie kabla hujalipenda

Hapa usiwe na haraka. Kabla jina halijaingia kwenye orodha yako fupi, lisikie likitamkwa na mtu anayezungumza Kigaeli. Usitegemee sauti ya mashine inayosoma maandishi kwa Kiingereza. Kamusi ya mtandaoni ya LearnGaelic ina sauti za watu. Ukipata redio ya Radio nan Gàidheal au televisheni ya BBC Alba, iliyoanza 2008, utawasikia watangazaji wakitaja majina ya wenzao mara kwa mara bila kujitahidi, na huo ndio utamkaji unaoutaka.

Habari njema ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, ana ulimi bora kwa kazi hii kuliko Mwingereza. Kigaeli kina sauti ileile ya "gh" tunayoitumia katika ghali na ghorofa. Kina pia "kh" ya Kiarabu, ile ya Khadija anapoitwa na mwalimu wa madrasa. Mwingereza akikutana na Sorcha husema "Soka" au "Socha". Wewe sema "Sorokha", umefika.

Kigaeli kina herufi 18 tu. Hakina j, k, q, v, w, x, y wala z. Sauti zinazokosa herufi hutengenezwa kwa kuunganisha nyingine. Bh na mh ni "v". Th ni "h". Fh kwa kawaida haisikiki kabisa. C ni "k" siku zote, haiwi "s" hata mbele ya e au i, kwa hiyo Ceit huanza na "k" na wala si "Seti". S ikiwa jirani na e au i huwa "sh". D ikiwa jirani na e au i husikika karibu na "j", na mwishoni mwa neno karibu na "ch". Alama ya kushuka hurefusha irabu, kwa hiyo ukiona ì soma "ii". Na -idh mwishoni ni "i" tu, hizo herufi mbili za nyuma zimekaa kimya.

Chukua Seònaid tulichambue. Kwa macho ya Kiswahili ungesoma "Se-o-na-idi". Sasa tazama: e ile imewekwa hapo kwa ajili ya s, iigeuze kuwa "sh", yenyewe haitamkwi. Ò ni "oo". I iliyo kabla ya d nayo haitamkwi, kazi yake ni kuilainisha d. Inabaki "Shoonach". Herufi saba, silabi mbili. Ukishaielewa kanuni hii, kwamba irabu nyingine zipo ili kuipa konsonanti rangi yake, majina mengi yaliyokuwa yanatisha yanafunguka. Sìne ni "Shiina". Eilidh ni "Eeli". Beathag ni "Behak". Màiri ni "Maari". Iseabail ni "Ishabal". Ealasaid, ambalo ni Elizabeti, ni "Yalasach".

B, d na g zikiwa mwishoni husikika karibu na p, t na k, ndiyo maana Mòrag wa Lewis ni "Moorak". Lakini Waskoti wasiozungumza Kigaeli, ambao ndio wengi, watamwita "Morag" kwa g ya wazi. Wote wawili wako sahihi mahali pao. Chagua utamkaji mmoja, mfundishe mtoto huo, na usigombane na posta.

Hatua ya tatu: liite kwa sauti ya juu

Simama jikoni, jifanye unamwita mtoto aje kula. Huu si mzaha. Jina la Kigaeli hubadilika linapoitwa. Màiri akiwa anatajwa ni Màiri. Ukimwita yeye mwenyewe unasema "a Mhàiri", yaani "a Vaari". Mòrag anakuwa "a Voorak". Catrìona anaanza na "kh". Seònaid, s yake inapotea, anakuwa "a Hyoonach". Flòraidh, anayetokana na Flora, f yake inazimika kabisa na unabaki na "a Loori".

Hivyo basi Mhairi, lile jina la yule mbunge wa 2015, kwa asili ni Màiri akiwa anaitwa. Watu wasiojua Kigaeli waliwasikia akina mama wakiita mlangoni, wakadhani ndilo jina. Mambo yaleyale yalimpata mvulana Seumas, ambaye kwa kuitwa "a Sheumais" alizaa jina Hamish linalojulikana dunia nzima. Wazungumzaji wengine wa Kigaeli hukereka kuona Mhairi kwenye cheti cha kuzaliwa. Limezoeleka mno kiasi kwamba kukereka hakusaidii tena, lakini ukilichagua, lichague ukijua. Ukitaka jina la kwenye karatasi liwe la kisarufi, andika Màiri au Mairi.

Kama nyumbani kwako hakuna anayezungumza Kigaeli, mabadiliko haya huenda yasikuguse. Lakini ikiwa babu wa upande wa pili ni mtu wa Uist, mtoto atasikia jina lake kwa namna mbili tangu siku ya kwanza. Anayetaka jina tulivu, lisilobadilika, achague linaloanza na irabu: Eilidh, Anna, Iseabail, Ealasaid.

Hatua ya nne: lipitishe kwa bibi wa upande wetu

Piga simu Tanga, Tabora au Nyeri, umtajie bibi jina mara moja tu, kisha nyamaza. Usimsahihishe. Atakavyolirudia ndivyo litakavyoitwa kwa miaka 30 ijayo.

Kwanza sikiliza mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kigaeli karibu siku zote huuweka kwenye silabi ya kwanza. Kwa hiyo majina ya silabi mbili yanapatana na lugha zote mbili bila ugomvi: Maari, Eeli, Shiina. Ya silabi tatu huleta mvutano. Marsaili hutamkwa kwa mkazo mwanzoni. Bibi atasema "Marsali" kwa kuukazia mkazo katikati, na hapo jina limekuwa jingine. Catrìona, linalosikika karibu na "Katriina", limeokoka, maana mkazo wake uko kwenye "tri", na sisi tungeuweka hapohapo. Iona na Fiona nayo yameokoka.

Pili, mwisho wa neno. Bibi hapendi neno linaloishia na konsonanti, wala konsonanti zilizobanana. Mòrag atampachika irabu awe "Moraga", na Kirsty atakuwa "Kirisiti" kabla chai haijapoa. Tatu, r na l. Kikuyu hakina l, kwa hiyo bibi wa Nyeri atamwita Eilidh "Eiri". Kisukuma hakina r, kwa hiyo kwa bibi wa Shinyanga Màiri atasikika "mali". Sioni ubaya. Kuitwa mali na bibi yako ni baraka.

Nne, angalia kama jina ni neno letu. Shona ni jina zuri la Uskoti, linalotokana na Seònaid, lakini kwa Mswahili ni amri ya fundi cherehani. Úna au Ùna ni swali lisilokamilika: una nini? Senga, ambalo Waskoti wengi huamini ni Agnes lililosomwa kinyume, Uganda litawakumbusha watu ssenga, shangazi anayemfunda msichana. Sìne kwetu ni shina, na akiitwa kwa Kigaeli, "a Shìne", anakuwa "a Hiina", yaani hina. Shina nyumbani, hina akiitwa: nani angekataa? Isla ndilo la ajabu zaidi. S yake haitamkwi, linasikika "Aila", na aila kwa Kiswahili ni familia. Mwenye kulisoma bila kuelezwa atasema "Isla" akikumbuka Uislamu, kwa hiyo mtumie bibi ujumbe wa sauti badala ya maandishi. Jina hili lina na kamba nyingine inayolivuta upande wetu wa bahari: mwigizaji Isla Fisher alizaliwa Muscat, Oman, kwa wazazi Waskoti.

Hatua ya tano: ulizia ni zamu ya nani

Kwenye nyanda za juu na visiwani, majina yalikuwa yakirithiwa kwa mpangilio. Binti wa kwanza alipewa jina la mama yake mama, wa pili la mama yake baba, wa tatu la mama mwenyewe. Kwa wavulana, wa kwanza alichukua la baba yake baba. Si kila nyumba ilifuata, na vijana wa leo wengi wameuacha, lakini bibi wa Lewis bado anaujua.

Wakikuyu wana utaratibu unaofanana, ila kwa mabinti umegeuzwa: wa kwanza ni wa mama yake baba, wa pili wa mama yake mama. Kwa hiyo baba Mkikuyu na mama Mskoti wakipata mvulana kwanza, mila zote mbili zinamtaja babu yuleyule, amani tele. Wakipata msichana kwanza, kila mila inamtaja bibi mwingine, na kila bibi anajua haki yake. Zungumzeni mapema, mimba ikiwa bado changa. Suluhisho la kawaida ni jina la kwanza la bibi mmoja na la kati la bibi wa pili. Waskoti wamezoea majina ya kati na hawatashangaa kuona Eilidh Wanjiru au Mairead Neema.

Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni kutafuta umbo la Kigaeli la jina alilonalo bibi tayari. Bibi zetu wengi wana majina ya ubatizo ambayo Kigaeli kinayo pia. Margareti ni Mairead. Katarina ni Catrìona. Elizabeti ni Ealasaid. Jane ni Sìne. Ana ni Anna. Mariamu ni Màiri, na hapa pana jambo la kuheshimu: mama yake Yesu kwa Kigaeli huitwa Moire, na jina hilo limetengwa kwa ajili yake, watoto hupewa Màiri. Usije ukaliona Moire kwenye kitabu cha sala ukalidhania ni namna nyingine tu ya kuandika. Kwa njia hii bibi wa Murang'a aitwaye Margareti na bibi wa Skye aitwaye Mairead wanajikuta ni wajina, na kesi inakwisha bila hakimu.

Watu wa visiwani walikuwa pia na tabia ya kumpa binti jina la babu kwa kulitia -ina: Murdo akazaa Murdina, Donald akazaa Dolina, Kenneth akazaa Kennethina, Hugh akazaa Hughina. Mengine ni mazito kinywani, nakiri Kennethina simtakii mtoto wa mtu. Lakini Dolina na Murdina yanaishia na irabu, mkazo wake unakaa tunapoutaka, na darasani hatakuwapo mwingine.

Hatua ya sita: maana, asili na dini

Orodha za majina hupenda kutoa maana kwa kila jina, na mara nyingi hubahatisha. Màiri na Mairead yametoka mbali kupitia Kilatini na lugha za Biblia. Ukiambiwa ni neno la Kigaeli lenye maana ya "malkia wa milima", funga ukurasa. Yenye maana ya wazi ndani ya Kigaeli chenyewe ni machache. Sorcha ni mng'ao, nuru. Beathag inatokana na beatha, uhai, kwa hiyo mwenye bibi aitwaye Aisha amepata mwenzi wake kwa maana. Muireall inaunganisha bahari na mng'ao. Mòrag inatokana na neno lenye maana ya ukubwa.

Majina kadhaa husifu weupe, kwa sababu fionn ni -eupe au -a kung'aa. Fionnghal ni "bega jeupe", na ndilo jina la Kigaeli la Flora MacDonald wa South Uist, mwanamke aliyemvusha mwanamfalme Charles Edward Stuart hadi Skye mwaka 1746 akiwa amevalishwa nguo za mjakazi. Kama binti yako ni maji ya kunde na maana ya neno kwa neno inakuhusu, hapo pana la kufikiria. Kama kinachokuvutia ni ushujaa wa yule mama, Flora linatosha, na Tanzania wamelizoea.

Usidanganyike na sura ya ukale. Fiona lilitokana na mashairi ya James Macpherson ya karne ya 18. Lorna lilibuniwa na mwandishi Mwingereza R. D. Blackmore kwa riwaya yake ya mwaka 1869. Ni majina mazuri, lakini bibi wa Barra hana shangazi wa kale aliyeitwa hivyo. Aliyekuwa naye ni Oighrig, "Oirik", jina la Kigaeli hasa ambalo leo karibu hakuna anayelithubutu.

Familia ya Kiislamu iangalie Kirsty, Ciorstaidh na Cairistìona: yote yametoka kwenye neno Mkristo. Iona ni jina la kisiwa lakini kisiwa chenyewe ni cha monasteri. Màiri ni Maryam, halina shida. Sorcha, Eilidh, Ailsa, Isla na Skye hayabebi dini.

Mkiniuliza mimi, kwa familia inayoishi Uskoti na kuzungumza Kiswahili ningeanza na Eilidh, kwa kuwa kila Mskoti anajua kulisoma. Walilisikia likitangazwa uwanjani Glasgow mwaka 2014, Eilidh Child alipotwaa medali ya fedha ya mita 400 kuruka viunzi. Ukihamia Uingereza jiandae kusahihisha "Eilid" kila unapopanga foleni. Baada yake Sìne, halafu Catrìona. Beathag nalipenda, ila linahitaji mzazi mwenye subira.

Hatua ya saba: andikisha

Uskoti sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 21 tangu azaliwe. Uingereza ni siku 42, kwa hiyo usifuate ushauri wa rafiki aliyejifungulia London. Akika ya siku ya saba haina tatizo, lakini nyumba zinazosubiri arobaini ndipo jina litangazwe zijue kwamba msajili hasubiri arobaini. Unaweza kwenda ofisi yoyote ya msajili ndani ya Uskoti. Kama wazazi hawajafunga ndoa, kwa kawaida baba inabidi afike pamoja na mama ili jina lake liingie.

Amua kuhusu alama kabla hujafika kaunta. Mòrag au Morag, Sìne au Sine? Alama husaidia kusoma, lakini mifumo mingi ya kompyuta huidondosha, na ule mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine hutumia A hadi Z tu. Lolote utakaloamua, liwe hilohilo kwenye kila karatasi, ya huku na ya nyumbani, usije ukasumbuliwa uwanja wa ndege kwa kuwa tiketi na pasipoti hazifanani.

Jina la ukoo nalo lina mtego wake. Kwa Kigaeli binti hatumii Mac, hutumia Nic: kaka ni MacLeòid, dada ni NicLeòid. Wengi huandikisha umbo la Kiingereza, MacLeod, kwa wote. Mkitaka Nic, semeni wazi siku hiyohiyo.

Bure utapewa cheti kifupi, kisicho na majina ya wazazi. Kwa maombi ya pasipoti utahitaji kile kirefu, chenye majina yenu, kwa hiyo kinunue palepale. Kabla ya kutia sahihi utaonyeshwa ulichoandikiwa. Msajili anaweza kuwa hajui Kigaeli, na wewe umelala kwa muda wa saa tatu tu. Soma herufi moja moja kwa kidole, hasa pale dh inapokaa baada ya i.